Kisanduku Kilichokataa Kupata Moto

Kila aliporudi kutoka shuleni, Émilienne alivua sare, akala alichowekewa, kisha akaenda kufagia chumba cha phonie. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, nayo aliifanya kwa vurugu. Ufagio uligonga miguu ya meza, ndoo ilipiga kelele, na mdomo wake haukupumzika hata kidogo. Kama hapakuwa na mtu wa kupiga naye soga, alizungumza na buibui.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya kituo kidogo cha afya mjini Baraka, ambako mama yake mdogo, Immaculée, alikuwa muuguzi. Phonie ni redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikiliza. Miaka ile vita vilikuwa vimewatawanya watu wa Fizi: wengine walikuwa Uvira, wengine Kalemie, na wengi walikuwa wamevuka ziwa Tanganyika mpaka kwenye kambi za Kigoma. Simu za mkononi hazikuwa zimefika bado. Aliyetaka kusikia sauti ya ndugu yake alikuja Jumamosi asubuhi, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake.

Émilienne naye alikuwa na sauti yake aliyoingoja. Siku watu wa Lweba, kijiji chao, walipokimbia, mama yake alikuwa ufukweni na mtoto mchanga mgongoni, akasukumwa ndani ya boti pamoja na wengine. Émilienne alikuwa shambani, akafuata majirani kwa miguu mpaka Baraka. Tangu hapo walipata salamu tu, zilizoletwa na wavuvi. Juma hilo mvuvi mmoja alileta habari mpya: mama amepata nafasi kwenye boti, anarudi nyumbani Lweba, na Jumamosi ataongea kwenye phonie kabla ya kuondoka.

Émilienne aliruka juu kwa furaha. Immaculée hakuruka.

"Lweba?" alisema. "Alisikia batu balirudi kule, hajui kwamba mwezi uliopita balikimbia tena. Akishuka kule atakuta nyumba iko wazi, na barabara ya kuja huku haiko muzuri kwa mama na mutoto. Jumamosi lazima tumuambie ashuke hapa Baraka."

Aliyasema kwa utulivu, lakini Émilienne alimwona akikunja shuka lilelile mara mbili. Mtoto akaelewa kwamba Jumamosi hiyo haikuwa ya mchezo.

Phonie ilitumia umeme wa betri kubwa ya gari, nayo betri ilichajiwa na paneli ya jua iliyofungwa juu ya bati. Betri hiyohiyo ililisha redio ndogo ya barazani, ambayo wagonjwa waliisikiliza ili kupata habari za nchi. Sasa, betri ilikuwa ya volti kumi na mbili, na redio ndogo ilitaka sita tu. Kwa hiyo katikati yao palikuwa na sanduku la kupunguza umeme. Sanduku la zamani lilikuwa la bati zito, na watu walilipa jina la Pasi kwa sababu lilichoma vidole.

Mtu aliyelipenda sana Pasi alikuwa mzee Albert, mvuvi wa Ubwari aliyekuja kusafishwa kidonda cha mguu. Kila akija, alitandaza juu ya Pasi ndagala zake kavu, wale samaki wadogo wa ziwa. Akitoka kwa muuguzi alizikuta zina moto, akazila pale benchini bila kumkaribisha mtu.

Aliyelichukia Pasi alikuwa fundi Roger, mwendeshaji wa phonie. Roger alikuwa amesoma umeme Bukavu, na bisibisi yake ilikaa mfukoni mwa shati kama kalamu ya mkurugenzi wa shule. Siku ya Jumatano alikuja na kisanduku kipya alichokiunda mwenyewe, kidogo kiasi cha kuingia katika mfuko wa kaptula.

"Pasi inamaliza betri bure," alieleza huku akifungua nyaya. "Redio inaomba kidogo. Pasi inachukua mingi, inaipa redio sehemu yake, ile inabakia inaichoma, inageuka moto. Njo maana kila Jumamosi phonie inazimaka mbele ya batu ba mwisho kuongea. Hii yangu haichome kitu. Inafungua umeme na kuufunga, inafungua na kuufunga, mbio kuliko jicho. Na kama redio haiombe kitu, yenyewe inalala, inaamka kidogo kidogo tu kuangalia. Émilienne, unasikia?"

"Nasikia, fundi," alijibu Émilienne.

Hakusikia. Alikuwa dirishani akimsimulia rafiki yake Nadège habari za mbuzi aliyeingia darasani na kula ramani ya Afrika, na alikuwa amefika mahali patamu.

Kesho yake mzee Albert alitandaza ndagala zake juu ya kisanduku kipya. Alitoka kusafishwa kidonda, akazigusa. Zilikuwa baridi vilevile. Alikigusa na kisanduku chenyewe, nacho kilikuwa baridi.

"Hii kitu imekufa," alitangaza. "Mashine haina moto, haina nguvu. Angalieni, hata kichwa ya ndagala moja imeshindwa kuipasha."

Alipoondoka, redio ya barazani ilizimwa. Émilienne na Nadège walikuwa wakifuta vumbi. Katika ukimya ule walisikia sauti ndogo kutoka kwenye kisanduku. Tik. Kimya. Tik. Kimya. Tik.

"Iko inalia sawa na saa inaisha nguvu," alinong'ona Nadège.

"Leo Alhamisi," alisema Émilienne. "Ikikufa mbele ya Jumamosi, mama atashuka Lweba."

Basi akafikiria la kufanya. Angeweza kumwuliza Roger, aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka pale. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hakusikiliza. Tena yeye alikuwa na imani yake kuhusu kazi: anayefanya kazi hutoa jasho na kelele, na aliyetulia kimya ni mvivu au mgonjwa. Kisanduku kilikuwa kimetulia, kwa hiyo kilihitaji kusukumwa kidogo.

Nadège alipokwenda kwao, Émilienne alitafuta ndani ya boksi la vyuma chakavu, akapata balbu ya pikipiki ya zamani. Aliifunga kwa nyaya mbili pale redio ndogo ilipochukulia umeme wake, kwenye waya uliopita nyuma ya kabati. Balbu ikawaka. Ile tik-tik ikanyamaza papo hapo.

"Unaona?" alikiambia kisanduku. "Ulikuwa unataka kazi tu, mvivu wewe."

Ili mama mdogo asiione ile taa, maana kugusa nyaya kulikatazwa, aliitumbukiza balbu ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga na kulificha palepale. Baada ya muda aliligusa kopo. Lilikuwa na moto mzuri. Émilienne alilala siku hiyo kwa raha ya mtu aliyemwokoa mama yake.

Jumamosi asubuhi benchi lilijaa. Mzee Albert alikuwa wa kwanza, kwa kuwa alitaka kuongea na mwanawe aliyekuwa Kalemie. Roger aliingia akipiga mluzi, akawasha phonie. Taa yake ikang'aa kidogo, ikafifia, ikazimika. Mluzi nao ukazimika.

Roger alitazama kipimo cha betri. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Si nilisema?" aliuliza mzee Albert. "Sanduku ya baridi. Mi nilisema mbele ya batu."

"Haiwezekani," alisema Roger. Alikifungua kisanduku chake, akakipima huku na huku, jasho likimtoka kuliko lilivyowahi kukitoka kisanduku. "Iko muzima. Betri ilipaswa kujaa. Sielewi."

"Rudisha Pasi," mtu mmoja alisema kutoka benchini.

"Hakuna betri ingine?" aliuliza Immaculée.

"Ile ya misioni ilienda Fizi," alijibu Roger. "Lakini jua limetoka. Tungojee kidogo, pano ile ya juu ya bati itaijaza."

Wakangoja. Jua lilipiga paneli vizuri, bila wingu hata moja, lakini mshale haukusogea. Roger aliugonga kwa kidole.

"Kuna kitu kinakunywa huu umeme wote," alisema. "Lakini kiko wapi?"

Émilienne alisimama mlangoni na ufagio mkononi. Alijua kilipo. Aliona macho ya watu wote wa benchi, watu walioamka alfajiri na kuvaa nguo safi ili kusikia tu sauti, na akatamani ardhi ipasuke immeze. Wangemsemaje? Angenyamaza, wangemlaumu Roger tu, na Roger alikuwa mtu mzima, angevumilia. Kisha alimfikiria mama yake amesimama mbele ya phonie ya Kigoma na mtoto mgongoni, akiita Baraka, Baraka, bila kujibiwa, halafu akipanda boti ya Lweba. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Mama mudogo," alisema. "Ni mi njo nilifanya."

Alivuta kopo kutoka nyuma ya kabati. Ndani yake balbu ilikuwa imebaki na uzi mwekundu tu, lakini kopo bado lilikuwa na joto.

"Ilikuwa inalia tik, tik," alisema huku akifuta pua kwa mkono. "Nikawaza inakufa. Nikatia hii ampule ili ifanye kazi. Nisameheni. Fundi hana kosa."

Roger alizichomoa nyaya mara moja. Alilitazama kopo, na Émilienne aliona kwamba amekasirika kwelikweli.

"Mi nimeitwa fundi mubaya mbele ya batu bote," alisema mwishowe, "juu ya kopo ya maziwa."

Kisha alitazama kipimo. Mshale ulikuwa umetikisika, ukaanza kupanda polepole. Uso wake nao ukalainika kidogo. Alimgeukia mzee Albert.

"Muzee, mutumbwi yako ikikaribia pwani, unapigaka kafi namna gani?"

"Napiga moja, naiacha iteleze," alijibu mzee. "Nikiona inataka kusimama, napiga ingine."

"Na mutu akipiga kafi kwa nguvu zake zote, wakati mwenzake anavuta kamba nyuma ili mutumbwi isigonge mawe?"

Mzee Albert alicheka. "Huyo ni mujinga. Anajichokesha bure."

"Huyo njo Pasi," alisema Roger. "Na ile moto ulikuwa unapashia ndagala, ni jasho ya ule ujinga. Hii yangu inapiga kafi moja, inaacha. Redio ikisema sana, inapiga mbio mbio mupaka sikio haisikie. Redio ikinyamaza, inapiga moja tu, tik, inangoja. Émilienne, haikuwa inakufa. Ilikuwa inatuchungia betri ya leo."

Mzee Albert aliacha kucheka, akakitazama kile kisanduku tena, safari hii bila dharau. Lakini alilalamika kidogo kwamba sasa atakula ndagala baridi.

Saa ya Kigoma ilikuwa imekaribia. Mshale ulikuwa umepanda, lakini si sana.

"Kusikiliza, phonie inakula kidogo," alisema Roger. "Kusema njo inakula sana. Umeme huu ni wa jamaa moja tu, na wa maneno kidogo."

Zamu ya kwanza ilikuwa ya mzee Albert, na kila mtu alijua. Mzee alijikuna kidevu.

"Mwana wangu wa Kalemie anajua niko muzima," alisema. "Juma ijayo nitamuambia tena. Acha mama ya huyu mutoto asishuke pahali pabaya."

Wengine walikubali. Mwanamke mmoja aliinuka na kwenda zake akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawalelewi, naye alikuwa na haki ya kunung'unika. Émilienne aliinamisha kichwa.

"Kaa hapa," Immaculée alimwambia, akimwonyesha kiti cha mbele ya phonie. "Amengoja sauti yako, haiko yangu."

"Huyu?" Roger alishtuka. "Huyu atamaliza betri kwa salamu peke yake."

"Hatamaliza," alisema Immaculée.

Roger alimfundisha upesi. Afanye kama kisanduku: abonyeze, aseme maneno machache, amalize kwa “à vous”, yaani sasa ni zamu yenu, aachie, angoje. Betri iliyochoka ikipewa nafasi ya kupumzika, hurudisha nguvu kidogo. Mkono wa Roger ukiwa juu, ni kungoja. Ukishuka, ni kusema.

Phonie ilikwaruza, ikavuma, kisha sauti ikatoka ndani yake kana kwamba inatoka chini ya maji.

"Baraka, Baraka, hapa Kigoma. Ni mama Émilienne. Boti inaondoka kesho. Jumatatu nitashuka Lweba. À vous."

Émilienne aliposikia sauti ile, maneno yote aliyoyaweka tangu siku ya kukimbia yalimjaa kinywani. Alitaka kusimulia jino lililong'oka, mbuzi aliyekula ramani, na jinsi alivyolia usiku wa kwanza. Aliyameza yote. Mkono wa Roger ulishuka, akabonyeza.

"Mama, usishuke Lweba. Shuka Baraka. À vous."

Taa ya phonie ilififia alipokuwa akisema. Alipoachia kitufe, ilirudi, dhaifu.

"Ni Émi? Sijasikia muzuri. Nishuke wapi? À vous."

Émilienne alitaka kubonyeza palepale, lakini mkono wa Roger ulikuwa juu. Alingoja. Hakuwa amewahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa kimya, na jasho lilimtoka akiwa ameketi tu. Mshale ulipanda kidogo, ukapanda tena kidogo. Mkono ukashuka.

"Baraka," alisema. "Ba-ra-ka. À vous."

Phonie ilikwaruza, ikakwaruza tena. Kisha sauti ikatoka kwa mbali: "Baraka. Nimesikia. Nashuka Baraka." Taa ikazimika kabisa.

Émilienne alicheka na kulia kwa pamoja, na benchi zima likapiga makofi, hata wale waliokosa zamu. Roger alichukua bisibisi yake, akaifuta, akairudisha mfukoni kwa heshima yote.

Jumatatu mchana boti ilifika. Mama alishuka majini mpaka magotini, bunda kichwani, na yule mtoto mchanga aliyekwenda mgongoni alirudi akitembea kwa miguu yake. Émilienne alimkumbatia mama kwa nguvu mpaka bunda likaanguka.

"Tulipita karibu na Lweba," mama alimwambia Immaculée. "Niliona nyumba yetu. Haiko na bati tena. Hakukuwa mutu, hata moshi hakuna." Akamshika binti yake kidevu. "Lakini hii phonie yenu ilinitia wasiwasi. Nilijiuliza, huyu ni mutoto wa nani anasema maneno kidogo hivi? Mi nilimuacha binti anamalizaka salamu saa nzima."

Wakacheka wote, na Émilienne akacheka zaidi yao.

Jioni ile walikula bugali na ndagala uani, na Roger na mzee Albert walikaribishwa. Ndagala zilipashwa kwenye makaa, na mzee alisema hazikuwa mbaya. Ndipo Immaculée akamgeukia Émilienne.

"Mutoto wangu, ulikosea mara mbili. Fundi alieleza, haukusikiliza. Kisha ukaona kitu haukielewi, ukakitengeneza mbele ya kuuliza. Ukaiita mvivu mashine iliyokuwa inafanya kazi yake vizuri kuliko sisi wote." Émilienne alitazama sahani yake. "Lakini Jumamosi uliinua kinywa yako mbele ya batu, na haikuwa rahisi. Fikiria kama ungenyamaza. Ile ampule ingekunywa jua yote ya asubuhi, na sisi tungebaki kumlaumu Roger, na dada yangu leo angekuwa Lweba. Kosa lako lilimaliza betri. Ukweli wako njo uliijaza. Siku ingine, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mbio, wakati jua bado iko."

"Ndiyo, mama mudogo," alisema Émilienne.

Kutoka chumba cha phonie, kwa kuwa redio ilikuwa imezimwa, walisikia kisanduku kikifanya kazi yake: tik, kisha kimya, kisha tik.

"Sasa niambie," mama alisema, akimsogeza binti yake karibu. "Ulitaka kuniambia nini kingine Jumamosi ile?"

Émilienne alianza na jino, akaingia kwa mbuzi na ramani, na kabla hajafika kwenye ile habari ya kopo, bugali la wote lilikuwa limepoa. Hakuna aliyemnyamazisha, maana safari hii hapakuwa na betri ya kuchunga.